Barafu Nyeupe kwa Mujibu wa Sheria

Nchi ninayoisimulia haipo. Nasema mapema kwa sababu wako watu wenye tabia ya kusoma hadithi huku wakichungulia dirishani. Haipo, haijawahi kuwepo, na jirani yako akikwambia anaifahamu, mwombe akuonyeshe pasipoti yake.

Basi katika nchi hiyo isiyokuwepo palikuwa na mlima, juu ya mlima palikuwa na barafu, na barafu hiyo ilikuwa nyeupe kwa mujibu wa sheria. Sheria yenyewe ilikuwa fupi, kwa kuwa walioitunga walikuwa na haraka ya kwenda kula. Ilisema barafu ya taifa ni nyeupe na itaendelea kuwa nyeupe. Barafu hiyo ilichorwa kwenye bendera, kwenye sarafu, kwenye makopo ya maziwa ya unga, na kwenye kaptula za timu ya taifa, ambayo nayo ilikuwa ikifungwa kwa heshima zote.

Mimi nilikuwa Afisa Itifaki wa wilaya ya mlimani. Wako wajinga wanaodhani itifaki ni kupanga viti. Kupanga viti kuna kazi yake, sikatai, hasa wakuu wakiwa wengi na kila mmoja anataka kukaa karibu na feni. Lakini kazi yangu kubwa ilikuwa kusafisha njia ya macho, na hiyo nitaieleza taratibu ili hata aliyesinzia ashike.

Mkuu wa nchi aliitwa Mtukufu Mtazamaji. Kila kiangazi alikuja wilayani kwetu kuitazama barafu. Hakupanda mlima, mkubwa hapandi mlima, mlima ndio unaojitokeza mbele yake. Alikaa jukwaani, akaletewa darubini, akaitazama barafu, akatikisa kichwa kwa kuridhika, tukapiga makofi, tukala pilau. Hiyo ndiyo iliyokuwa Siku ya Kutazama.

Sasa, zamani za Mtazamaji wa kwanza, macho yake yalipokuwa yanapanda mlimani kuielekea barafu, yalijikwaa kwenye kichaka. Akashusha darubini, akauliza, "Kile ni nini?" Hakuna aliyelijua jina la kile kichaka. Mkuu wa wilaya akajibu kwamba ni maendeleo. Kesho yake hakuwa mkuu wa wilaya.

Tangu hapo ikawa desturi: kabla mkubwa yeyote hajautazama mlima, miteremko yote inayoelekea jukwaani inatiwa moto, ili macho yake yapite bila kujikwaa. Nyasi, vichaka, msitu wa chini, vyote. Tulichoma kwa nidhamu. Moshi ulipanda, upepo ukausukuma kileleni, halafu anga likatulia, na mlima ukabaki mweusi tii huku kule juu barafu iking'aa. Ilikuwa inapendeza, walahi. Wageni wa kutoka nchi za nje walikuwa wanashindwa kusema.

Masizi yalikwenda wapi, hilo halikuwa katika majukumu yangu.

*

Balaa lilianza kwa neno moja. Mtukufu alitazama muda mrefu kuliko kawaida, mpaka wapiga makofi wakaanza kuchoka kwa kuning'iniza mikono hewani, kisha akasema, "Imechakaa."

Aliyekaa kando yake alikuwa Mheshimiwa Sifuni Mtandika, Waziri wa Milima na Heshima, mtu mwenye sauti ya kujaza uwanja na shahada nne, ambazo hakuna hata moja iliyohusu milima wala heshima. Aliipokea darubini, akaifuta kwa tai yake, akairudisha.

"Ni vumbi la kioo, Mtukufu."

Mtukufu akatazama tena. "Imechakaa," akasema.

Ikaletwa darubini nyingine, mpya, bado iko kwenye mfuko wake wa nailoni. Ikachakaa na kwenye hiyo. Nami nikajitosa, nikasema huenda ni wingu, ingawa siku ile hapakuwa na wingu hata la kuazima. Mtukufu akainuka bila kula pilau. Hebu fikiria wewe, mtu umechinja, umepika, umepakua, na mgeni anaondoka na njaa yake.

Nilipobaki peke yangu niliichukua ile darubini nikajionea. Sitaki kuwa mwongo. Barafu ilikuwa ya kijivu, na pembeni ilikuwa na mabaka ya zambarau iliyopauka, kama shuka la hospitali ya wilaya.

Mheshimiwa Waziri alichukua hatua siku hiyohiyo. Alitangaza redioni kwamba rangi ya barafu haijabadilika ila imepata uzoefu, na kwamba kuanzia sasa jina lake rasmi ni nyeupe iliyokomaa. Shule zikapewa maelekezo. Maduka ya rangi yakapewa maelekezo. Bibi harusi mmoja wa hapa mjini alishonewa gauni la nyeupe iliyokomaa, akalia mpaka wanja ukamshuka mashavuni, lakini fundi cherehani alikuwa ndani ya sheria.

Hata hivyo Mtukufu alikuwa bado amenuna, na mkubwa akinuna huundwa tume.

*

Tume iliongozwa na Jaji mstaafu Barakaeli, mzee mpole aliyekwisha kuongoza tume nyingi bila kumkera mtu hata mmoja. Ilitakiwa kumtafuta aliyeichafua barafu ya taifa. Wajumbe wake wote walikuwa wakubwa, na wakubwa hawawezi kuutazama mlima hivi hivi, kwa hiyo nilichoma miteremko kwa ajili yao. Wakatazama. Wakakuta hali ni mbaya kuliko alivyosema Mtukufu. Wakarudi makao makuu kushangaa.

Baada ya kushangaa walikuja tena kuhakikisha. Kule chini hapakuwa na kitu cha kuchoma tena, ikabidi nipande juu zaidi, kwenye nyika ya karibu kabisa na barafu, na nikahakikisha njia ya macho imesafika barabara. Wakatazama. Barafu ilikuwa imeongeza weusi.

"Kasi ya uovu huu inatisha," Jaji alisema. "Itabidi tuwe tunakuja mara kwa mara."

"Karibuni sana, Mheshimiwa Jaji," nikamwambia. "Moto utakuwa tayari."

Wakaja mara kwa mara. Ajabu ni kwamba kila tume ilipokuja, barafu ilizidi kuwa nyeusi, na tume ilipokaa muda bila kuja, theluji kidogo ikianguka, ilionekana kupata nafuu. Sisi maofisa tulilijadili jambo hili kwa kina. Wengi tuliamini kwamba barafu ilikuwa inaona aibu mbele ya vyombo vya dola. Mheshimiwa Waziri alisema ni dalili ya hatia.

Ndipo akaja Mwalimu Nakiete kutoa ushahidi.

Mwalimu Nakiete alikuwa amestaafu kufundisha jiografia na sasa alikuwa mwenyekiti wa mfereji. Niseme mfereji ni nini, maana wasomaji wengine mmezaliwa mjini. Ni njia ya maji iliyochimbwa kwa majembe na wazee wa zamani, inaanzia kwenye banio, yaani kizuizi cha kukinga maji, chini ya barafu, inashuka ikipinda na mlima, inapita kwenye bustani za vitunguu za bonde zima, na kila kaya ina zamu yake ya kufungulia maji. Wakati wa kiangazi bonde lile halina maji mengine. Mwalimu ndiye aliyekuwa anasimamia zamu, na hakuna aliyethubutu kuiba zamu ya mwenzake, kwa kuwa nusu ya wilaya alikwisha kuicharaza viboko. Hata mimi alinicharaza, kwa sababu ya Tropiki ya Kaprikoni.

Alipoingia ukumbini wajumbe wote walisimama. "Shikamoo, Mwalimu," wakasema kwa pamoja, kabla Jaji, naye mwanafunzi wake wa zamani, hajakumbuka kwamba mahakamani anayesimamiwa ni yeye.

"Marahaba. Kaeni. Nimekuja na ombi moja tu. Acheni kuuchoma mlima."

Jaji akakohoa. "Mama shahidi, sisi tunachunguza barafu. Moto ni wa itifaki. Hiyo ni idara nyingine."

"Barakaeli, moto unatoa nini?"

"Moshi, Mwalimu."

"Na ndani ya moshi mna nini?"

"Masizi, Mwalimu."

"Yakipanda yanatua wapi?"

Jaji akanigeukia mimi. Nikasema kwa taarifa nilizonazo masizi huenda nje ya wilaya.

Mwalimu aliwaeleza wajumbe kama alivyokuwa akituelezea zamani, polepole, akipiga meza kwa kidole. Barafu ikiwa nyeupe, alisema, inalirudisha jua lilikotoka, ndiyo maana ukiitazama inakuumiza macho. Ikichafuka inalimeza. Vaa shati jeusi ukasimame uwanjani mchana, utaelewa. "Ikilimeza jua inayeyuka. Maji yanashuka, uchafu haushuki, unabaki palepale juu. Na vumbi lililolala ndani ya barafu tangu enzi za mababu nalo linatokeza, linajiunga na wenzake. Halafu palipolowa panaota vijimea vidogo sana, ndiyo yale mabaka ya zambarau. Weusi unaita weusi. Hauhitaji mhalifu mwingine."

Mjumbe mmoja akauliza kama shahidi anamaanisha kwamba jua ndilo mshitakiwa wa kwanza.

"Jua lilikuwepo kabla yako," Mwalimu alisema. Kisha sauti yake ikabadilika. "Wanangu, ile barafu ndiyo ghala letu. Bonde zima tunakunywa pale, tunanywesha pale, tunamwagilia pale. Ikiisha hatuna pa kwenda. Mimi naogopa. Nasema mbele yenu na wala sioni haya. Naogopa sana."

Sikuwahi kumsikia Mwalimu akisema anaogopa.

*

Kwa kuwa tume ilitaka ushahidi wa kushikika, Mwalimu alikuwa amekuja nao. Alikuwa amenunua vipande viwili vya barafu kwa wauza samaki, vinalingana. Tukatoka nje. Akaviweka juani, kila kimoja kwenye sinia lake. Kimoja akakiacha kama kilivyo, kingine akakinyunyizia majivu ya jikoni kwa mama lishe aliyekuwa akiipikia tume. Halafu akatuambia tunywe chai.

Tulipomaliza chai, kile cha majivu kilikuwa kimebaki kama yai, sinia limejaa maji. Kile cheupe kilikuwa bado kimekaa, kimelowa kidogo tu. Hata mimi nilielewa, na mimi si mwepesi. Jaji Barakaeli alivua miwani akaifuta, akaivaa, akavua tena. Nadhani siku ile tulikuwa karibu sana na ukweli, na kama chai ingekuwa imeisha mapema kidogo huenda tungeufikia.

Lakini wakati huo ndipo lilipoingia gari la Mheshimiwa Waziri. Alishuka, akamwamkia Mwalimu kwa unyenyekevu wote, maana na yeye alikuwa mwanafunzi wake, yule aliyekuwa akikaa dirishani. Akaelezwa. Akayainamia yale masinia kwa muda mrefu. Akachovya kidole kwenye maji, akakilamba.

"Mwalimu, hiki chenye majivu ndicho kilichotoa maji haya yote?"

"Ndicho, Sifuni. Sasa umeona."

"Na vimekaa juani muda mmoja?"

"Muda mmoja."

"Na hiki cheupe kimetoa haya tu?"

"Haya tu, mwanangu. Ndicho ninachowaambia wenzako."

Mheshimiwa akajinyoosha. Uso wake ulikuwa umejaa nuru. "Kumbe hiki cheupe ni kivivu," akasema.

*

Ndivyo ilivyozaliwa kampeni ya Kila Jiko Chemchemi. Mheshimiwa aliizindua mwenyewe uwanjani, na hotuba yake bado naikumbuka, kwa sababu niliishikilia maikrofoni mwanzo hadi mwisho.

"Ndugu wananchi," alisema, "kwa miaka mingi barafu yetu imekaa pale juu, imejinyoosha, nyeupe, haina kazi. Jua linakuja na nguvu zake, barafu inazirudisha. Nguvu za bure, ndugu zangu. Mali ya umma. Zinarudishwa angani, na sisi hatujui huko angani zinamnufaisha nani. Uvivu huo sasa basi. Kuanzia leo barafu itafanya kazi kama mwananchi mwingine yeyote."

Tukapiga makofi mpaka mikono ikawaka.

Kila kaya ilitakiwa kutoa debe la majivu. Wapagazi waliyapandisha mlimani, wakayamwaga juu ya barafu kwa mafungu, na wasimamizi wakapita wakisawazisha kwa reki. Wenye majiko ya gesi walionekana wanahujumu uchumi, wengine ikabidi wachome vitanda. Mwanasheria mmoja kijana aliuliza iwapo haivunji ile sheria ya weupe. Akajibiwa kwamba majivu nayo yametangazwa kuwa nyeupe iliyokomaa, na akahamishiwa idara ya magereza, kama mtumishi.

Na maji yakaja. Lazima niseme kweli: yalikuja. Mfereji ulijaa, ukafurika, ukakata kingo. Vitunguu vilistawi hadi vikakosa soko. Vijana waliogelea kwenye banio. Mheshimiwa alifungua chemchemi ya kurusha maji juu mbele ya ofisi ya wilaya, ikarusha maji usiku na mchana, na Mtukufu akamtunuku Nishani ya Tone. Magazeti yakaandika kwamba hakuna nchi nyingine duniani iliyofanikiwa kuifundisha barafu kazi.

Mtu mmoja tu hakufurahi. Mwalimu Nakiete alikuwa akienda kila asubuhi kwenye banio, anasimama, anayatazama maji yanavyokimbia. Akawaita wanachama wa mfereji, akawaomba wagomee majivu. Wakamcheka. Walimwambia, "Mwalimu, tulikuwa tunalia maji hayatoshi, sasa yanatosha, na bado unalia. Wewe tukupe nini?"

"Mmemchinja ng'ombe wa maziwa," akawaambia, "ndiyo maana leo nyama ni nyingi."

Wakasema Mwalimu amezeeka. Mmoja akamrushia maji kwa utani, akalowa kanga, na watu wakacheka sana. Mimi nilikuwepo. Nilicheka pia, kwa kuwa Mheshimiwa alikuwa anacheka, na haipendezi mkubwa acheke peke yake.

*

Kiangazi kilichofuata maji yalipungua. Mheshimiwa alieleza kwamba barafu ilikuwa imetimiza malengo yake kabla ya muda na ilistahili kupumzika. Ilipoendelea kupumzika akaongeza madebe ya majivu. Tume ikaja kuona kulikoni. Kwa kuwa mlima wote ulikuwa umekwisha kuungua, hapakuwa na kitu cha kuwachomea wakubwa, nami sikuwa tayari kuvunja heshima ya wilaya. Nikaagiza vichaka kutoka wilaya jirani, vikaletwa kwa malori, tukavipandisha, tukavichoma. Wajumbe walinishukuru.

Bondeni zamu zikafupishwa. Mwanzo kila kaya ilipata maji tangu alfajiri hadi jua la utosi, kisha ikawa muda wa kujaza ndoo chache, kisha watu wakaanza kuangaliana vibaya. Vitunguu vikainamisha majani. Ng'ombe wakaanza kuuzwa wakiwa wamekonda. Wale waliokuwa wakimcheka Mwalimu sasa walikuwa wakienda naye kwenye banio asubuhi, na hakuna aliyetania.

Mheshimiwa akaamua kwenda kuikemea barafu mwenyewe. Alipanda helikopta akiwa na kipaza sauti. Walizunguka kilele kidogo tu, wakarudi. Aliposhuka alikuwa amekishika kile kipaza sauti kifuani kwa mikono miwili, akapita moja kwa moja hadi garini.

Rubani ndiye aliyeniambia. "Kule juu hakuna kitu, bwana. Ni jiwe na tope la majivu."

Na Siku ya Kutazama ilikuwa inakaribia. Hapo ndipo unapomjua kiongozi, jamani. Mwingine angejiuzulu. Mheshimiwa Mtandika aliagiza chokaa. Magunia kwa magunia, na wapagazi walewale, na mabrashi ya kupakia kuta. Kilele chote kikapakwa, mkono wa kwanza na wa pili, upande wa jukwaani peke yake, kwa kuwa upande wa pili hautazamwi na mtu.

Mtukufu alikuja. Akaletewa darubini. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Akatazama, akatazama, akaishusha.

"Imetakata," akasema.

Sijui niseme nini kuhusu furaha ya siku ile. Mheshimiwa alipanda cheo palepale jukwaani. Jaji Barakaeli alisoma matokeo ya tume, kwamba barafu ya taifa ni nyeupe kama sheria inavyosema, kwamba hakuna aliyeichafua, na kwamba tume inajipongeza. Mtukufu alikula pilau sahani mbili.

*

Tulikuwa bado tunakula nilipoitwa pembeni. Kulikuwa na tatizo la itifaki. Watu walikuwa wanapanda barabara kutoka bondeni wakiwa na magodoro vichwani, kuku mikononi na watoto migongoni, na wangekutana na msafara wa Mtukufu pale kwenye njia panda. Nikatumwa nikawasimamishe.

Mbele yao alikuwa Mwalimu Nakiete. Alikuwa amebeba begi moja la nguo na jembe.

"Shikamoo, Mwalimu. Samahani sana. Naomba msubiri kidogo, msafara wa Mtukufu upite."

"Marahaba," alisema, akawaashiria wenzake wakae pembeni mwa barabara. Wakakaa. Mtoto mmoja alikuwa anaomba maji, na mama yake anamwambia bado kidogo, na hakusema bado kidogo nini. Nilitaka Mwalimu anikaripie. Ningejua la kujibu. Yeye alikuwa anapangusa macho kwa pindo la kanga.

"Mfereji umechimbwa na babu wa babu yangu," alisema. "Jana usiku umekauka mpaka kwenye banio. Mimi ndiye mwenyekiti ambaye umenikaukia mkononi."

"Pole sana, Mwalimu."

"Na wewe, mwanangu, utahamia wapi?"

Swali lile lilinishangaza. "Mimi sihami, Mwalimu. Mimi si mkulima. Mimi natumia bomba."

"Bomba linapata maji wapi?"

"Kwenye tangi la mjini."

"Na tangi linajazwa na nini?"

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa limekaa mdomoni kabisa. Akaningojea nilitoe, jinsi alivyokuwa akitungojea darasani, bila haraka, huku anajua ninalo. Kisha pikipiki za msafara zikaanza kulia, magari yakapita yakiwa yamepandisha vioo, vumbi likatufunika wote, na lilipotulia Mwalimu alikuwa amekwisha kusimama. Akanishika begani. Kisha akavuka barabara, na bonde zima likamfuata.

Nilikwenda nyumbani badala ya kurudi kwenye pilau. Mke wangu, Semeni, alikuwa amechuchumaa uani mbele ya bomba, ndoo iko chini yake.

"Linakohoa tangu asubuhi," alisema.

Nikalifungua mpaka mwisho. Likatoa hewa kwa muda mrefu, likatoa matone yenye rangi ya majivu, likanyamaza. Semeni akanyoosha mkono alifunge. Nikamzuia. Nikamwambia aliache wazi, kwa sababu mgeni mkubwa hakuti mlango umefungwa, na mimi nikiwa ofisa wa serikali sitaki maji yarudi yaikute nyumba yangu haikujiandaa kuyapokea.

Semeni aliinuka, akaingia ndani, akaanza kufunga mizigo.